Anti, kila asubuhi tunaandika "nane" lakini watu wangu wamechoka hoi

Shikamoo Anti,

Nakusoma siku zote ila sikuwahi kufikiria na mimi nitakuja kuandika, tena yangu sio ya mapenzi kama ya wengine, ni ya kazini. Uniwie radhi barua ni ndefu, naandika usiku, nyumba nzima wamelala mimi macho makavu.

Mimi ni supavaiza kwenye kampuni inayopokea oda za watu onlaini, tunafungasha tunasafirisha. Timu yangu iko pande mbili, kuna wa stoo wanaofungasha na kupakia kwenye magari, hao hakuna cha kufanyia kazi nyumbani, na kuna wa simu wanaopokea malalamiko ya wateja, hao tangu korona ianze 2020 wako majumbani kwao na kompyuta za kampuni. Oda zimeongezeka balaa maana watu walizoea kuagiza kila kitu wakiwa ndani, lakini wafanyakazi hawajaongezwa, na walioacha kazi nafasi zao mpaka leo ziko wazi, kazi yao tumegawiwa sisi tuliobaki.

Mambo ni mengi ila linaloninyima usingizi ni la kijana mmoja wa stoo, yaani ndo alikuwa namba moja kwa kufungasha. Alimuuguza baba yake korona mpaka mzee akafariki, na yeye akakutwa nayo, kwa hiyo siku ya mazishi yuko karantini, baba yake kazikwa yeye anaangalia kwenye simu. Kampuni ikampa siku tatu za msiba, zikaisha humohumo karantini. Akarudi kazini. Sasa Anti ukimwangalia kwa mbali anafanya kazi kama kawaida, lakini anabandika lebo ya huyu kwenye boksi la yule, anaandika vitu viwili wakati ni vitatu, mzigo unaenda kusiko. Juzi nilimkuta amesimama na mashine ya kuskani mkononi, imeshalia, yeye anaitazama tu, mpaka mwenzake akaja akamgusa bega. Meneja kaona ripoti ya makosa akaniambia nimuandikie barua ya onyo kabla ya Ijumaa. Nafungua kompyuta, naandika jina lake, nafuta.

Halafu kuna mama mmoja aliumwa korona miezi kadhaa iliyopita, kapona, kapima hana, lakini sio yule tunayemjua. Akipanda ngazi za stoo anashika ukuta, anasahau alichotumwa, mchana anakuwa kama kamwagiwa maji. Wenzake wameshaanza kusema anajilegeza ili apewe kazi nyepesi, na mimi sijui niamini nini maana vipimo vinasema mzima.

Lingine, tuna bonasi ya mahudhurio, ukikosa siku moja tu hata kama umelazwa, ya mwezi mzima imekwenda. Kwa hiyo watu wanakuja wagonjwa. Kuna mmoja alikuja anakohoa, barakoa kaivutia juu mpaka machoni, nikamuuliza akasema "mafua tu supa". Wiki iliyofuata nusu ya shifti ya asubuhi wako kitandani na tuliobaki tukafanya kazi ya wote.

HR, yaani idara ya wafanyakazi, nao wakaleta mpango wao wa "tunawajali". Kila asubuhi kwenye grupu la WhatsApp kila mtu aandike namba, moja mpaka kumi, anajisikiaje leo. Siku ya kwanza mtu wa kwanza aliandika nane, basi tangu siku hiyo ni nane, nane, nane mpaka chini. Kijana wangu siku aliyorudi kutoka msibani aliandika nane. Na mimi naandika nane Anti. Meneja anapiga wastani anaupeleka kwenye kikao cha wakubwa kwamba timu yetu iko vizuri. Na Alhamisi kuna darasa la kuvuta pumzi kwenye video, kamera lazima ziwe wazi, wa stoo hawawezi kuingia kwa sababu ndo saa za magari kupakia, wa nyumbani wanaingia huku wanajibu wateja.

Na hizi pande mbili hazipendani tena. Wa stoo wanasema wa nyumbani wanalipwa kulala, wa nyumbani wanasema nyie mkitoka mmetoka, sisi kazi iko mezani tunapolia chakula.

Mimi niko katikati. Juu wanataka tageti, chini wanataka huruma, simu yangu inalia mpaka usiku wa manane, na sina bajeti, sina mamlaka, hata kumpa mtu siku moja ya kupumzika lazima niombe. Niandike hiyo barua ya onyo? Niwasaidieje watu wangu bila pesa? Na mimi nani ananisaidia?

Supa wa katikati

* * *

Marahaba mwanangu.

Tuanze na Ijumaa maana ndo iko karibu. Hiyo barua usiiandike. Onyo ni la mtu anayejua la kufanya, anaweza kulifanya, na hataki. Huyu anataka, ndo maana yuko kazini kila siku, ila kwa sasa kichwa hakimsaidii. Mtu aliyefiwa halali vizuri na umakini unamtoka, na kazi yako hiyo ya lebo na kuhesabu ni umakini mtupu, kwa hiyo huzuni yake lazima ionekane palepale kwenye lebo. Ukimpa onyo utakuwa umemuandikia kosa la kufiwa, na makosa hayatapungua, yataongezeka, maana sasa atakuwa anahesabu huku anaogopa.

Lakini usiende kwa meneja mikono mitupu ukaanza kusema "jamani kafiwa". Anajua kafiwa. Mameneja wengi hawana mahali pa kuiweka huzuni ya mtu ila namba wanazo mahali pa kuziweka, basi mpe namba. Ripoti ya makosa unayo, toa makosa ya kijana miezi ya kabla ya msiba, toa na ya baada, yaweke kwenye karatasi moja. Atajionea mwenyewe kwamba mtu hajawa mzembe, kuna kitu kilimpata tarehe fulani. Halafu papo hapo mpe mpango kabla hajauliza "kwa hiyo?": wiki nne kijana atoke kwenye lebo na kuhesabu, awekwe kupokea mizigo inayoingia au kupanga rafu au kuandaa maboksi, mahali ambapo akikosea kosa linabaki ndani ya stoo halimfikii mteja, na akigusa kitu cha kuhesabiwa awepo mtu wa pili wa kuhakiki. Baada ya hapo mnakaa mnaangalia tena. Andika tarehe ya kukaa, hiyo ni muhimu, meneja anaona kuna mwisho na kijana anaona hajashushwa cheo kimyakimya.

Kabla ya hayo yote lakini, ongea na kijana mwenyewe. Usimuite ofisini ukafunga mlango, atajua anafukuzwa. Mfuate wakati wa mapumziko, tokeni nje kwenye hewa, mwambie kwa lugha ya kawaida: "Pole sana na mzee. Naona kazi imekuwa ngumu tangu urudi, sijaja kukugombeza. Ni kitu gani kinakushinda zaidi?" Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu, ulimi utawasha, utataka kumwambia jikaze wewe mwanaume, au Mungu kampenda zaidi, au angalau mzee alikuwa mtu mzima. Usiseme hata moja. Shirika la Afya Duniani, WHO, walitoa mwongozo 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa mtu yeyote sio lazima daktari, na kiini chake ni mambo matatu, tazama, sikiliza, unganisha. Kuunganisha maana yake umfikishe kwa mtu au huduma inayoweza kumsaidia. Na hakuna mahali panaposema umlazimishe mtu akusimulie msiba wake. Akitaka kukaa tu kimya na wewe dakika kumi, kaeni.

Jiandae na jambo moja. Waliouguza wazazi wao wengi wanabeba swali la kama ni wao walioileta korona ndani ya nyumba. Akilitoa hilo, usikimbilie "aah usiseme hivo". Mwambie ukweli ulivyo, kwamba kirusi hiki mtu anaweza kuambukiza kabla hata hajaanza kukohoa, na kipindi kile kilikuwa kimeenea kila mahali, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kujua nani alimpa nani. Hilo sio la kumbembeleza. Ni hivyo kweli.

Muulize pia kama anataka likizo, usimuamulie. Kuna mfiwa anayetaka kukaa nyumbani na kuna ambaye nyumbani ndo pagumu, kazini ndo anapata kupumua. Na kama katika maongezi akisema amechoka kuishi, au haoni maana ya chochote, muulize waziwazi, "unafikiria kujiua?" Najua neno linatisha, lakini kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, kinyume chake linampa ruhusa ya kusema. Akisema ndio, usimuache peke yake, siku hiyohiyo tafuta ndugu yake na mfikishe hospitali, tageti zikalale.

Twende kwa mama. Muamini. Kupima huna korona maana yake kirusi hakionekani tena, haina maana mwili umerudi ulikokuwa. WHO Oktoba 2021 walitoa maelezo rasmi ya hali hii ya dalili kubaki baada ya korona, wengi wanaiita long COVID, kwa kawaida inaonekana miezi mitatu tangu mtu augue, dalili zinakaa angalau miezi miwili na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza, na zile wanazozitaja sana ni uchovu, kukosa pumzi, na kusahau au kichwa kutofanya kazi sawasawa. Soma tena barua yako: anashika ukuta, anasahau alichotumwa, mchana anaisha. Umeyaandika yote matatu bila kujua. Mwambie aende kwa daktari akaeleze hivyohivyo, tangu lini na kazi gani inammaliza, kwanza ili kama kuna tatizo lingine la moyo au mapafu lionekane, pili arudi na karatasi, maana karatasi ya daktari inanyamazisha watu ambao wewe huwezi kuwanyamazisha.

Kazini kwake kosa kubwa ni hili la "jitahidi utazoea". Watu wenye hali hii wengi wakijilazimisha leo kwa sababu wanajisikia afadhali, kesho na kesho kutwa wanaanguka kabisa. Kwa hiyo mpe kazi ya kukaa, asipande ngazi, mapumziko mafupi mafupi kabla hajachoka sio baada, na kama inawezekana saa chache kwanza ziongezwe polepole. Mambo ya kukumbuka aandikiwe, asitumwe kwa mdomo. Na hao wanaosema anajilegeza, wakamate mmoja mmoja pembeni, sio kikaoni, uwaambie kuna tatizo la afya na limekwisha kuzungumzwa, basi. Maelezo ya ugonjwa wake usiwape, sio yako kuyatoa.

Sasa bonasi. Mwanangu hili umeliweka katikati ya barua kama jambo dogo na mimi naona ndo penye kidonda. Kampuni yenu inawalipa watu walete korona kazini. Yaani kuna pesa kabisa imetengwa, na mtu akificha kikohozi anaipata, akisema ukweli anaikosa. Huyu wa "mafua tu supa" hata usimchukie, kapiga hesabu ya nyumbani kwake akaona hawezi kuikosa. Darasa la kupumua la kila Alhamisi haliwezi kushindana na hesabu hiyo.

Na hili unaweza kulipeleka juu bila kuomba huruma. Mwambie meneja mtu mmoja angekaa nyumbani siku tano, mngekosa siku tano za kazi. Alivyokuja, mmekosa siku ngapi? Hesabu waliolala wiki ile, zidisha na siku walizokaa, ongeza ovataimu mliyowalipa waliobaki na mizigo iliyochelewa. Weka hiyo namba pembeni ya bonasi aliyokuwa anaiokoa. Omba kitu kidogo kinachotekelezeka: siku za ugonjwa zisihesabiwe kwenye mahudhurio, basi. Na siku ya kuchanjwa vilevile, pamoja na kesho yake, maana kuna wanaopata homa baada ya sindano, na ukiwakata bonasi kwa homa hiyo umewafundisha wasichanje.

Wakikubishia kwamba sheria hairuhusu au haijawahi kufanyika, kuna mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, namba 155 wa 1981 kuhusu usalama na afya kazini, kifungu cha 13 kinasema mfanyakazi aliyejitoa kwenye hali anayoamini kwa sababu za msingi ni hatari kubwa na ya papo kwa papo kwa maisha au afya yake, alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Na Juni 2022 ILO wakaingiza mazingira salama na yenye afya kwenye haki za msingi kabisa za kazi, kundi moja na kutotumikishwa kwa nguvu na kutobaguliwa. Ila usianze na hayo. Anza na mkataba wenu wa ajira, usome kifungu cha likizo ya ugonjwa kwa macho yako, na uulize sheria ya kazi ya nchi yako inasema nini, maana supavaiza anayetaja ILO asubuhi bila kusoma mkataba wake mwenyewe mchana anaaibika. Kama kuna chama cha wafanyakazi au kamati ya usalama, hili ni lao, usilibebe peke yako.

Wakati unasubiri jibu, yapo usiyohitaji kibali. Kirusi kinakaa hewani, kwa hiyo fungueni madirisha na milango ya stoo shifti nzima, na zaidi ya stoo angalia chumba cha kupumzikia, manake watu wanavaa barakoa kwa muda wa saa nne kwenye ukumbi mkubwa halafu wanaenda kuzivua kwenye kachumba kadogo wakila pamoja. Mapumziko yawe kwa zamu, au nje. Na kama bado kuna mtu anapoteza saa nzima kunyunyizia maboksi dawa, muondoe hapo, hatari kubwa haiko kwenye boksi, na wewe umesema watu hawatoshi.

Hizo nane sasa. Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Machi 2022 WHO walisema katika mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na nyie huko, mliofiwa na mliougua na mnaofanya kazi za walioacha kazi, ni nane tupu. Hakuna atakayeandika tatu kwenye grupu ambalo meneja yumo na jina lake liko juu ya meseji, na akiandika atapigiwa simu aelezee. Swali lenyewe ni baya, linamtaka mtu ajieleze moyo wake mbele za watu na hakuna kinachobadilika akijieleza. Uliza kuhusu kazi. Mara moja kwa wiki, mtu na mtu, wewe na yeye: "Kitu gani kimoja kikitolewa wiki hii kazi yako itakuwa nyepesi?" Utasikia majibu ambayo hata hukutegemea, mmoja atasema ile ripoti ya saa kumi na moja hakuna anayeisoma, mwingine atasema niruhusuni nizime kamera nikiwa kwenye kikao, mtoto anapita nyuma. Chagua kimoja unachoweza kukitoa bila kuomba, ukitoe wiki hiyohiyo, na waone umekitoa. Wakiona kimoja kimetoka watakuambia na cha pili, ambacho ndo kile cha ukweli.

Watu wa HR sio wabaya, nimekaa nao miaka, wengi wao nao hawana mamlaka wanatafuta kitu cha kufanya kisicho na gharama, na darasa la pumzi halina gharama. Lakini kumfundisha mtu kupumua huku kazi za watu wawili ziko juu yake ni kumfuta jasho aliyebeba gunia badala ya kumtua. Huu uchovu wa kazi uliopitiliza, WHO mwaka 2019 waliueleza kwenye orodha yao mpya ya magonjwa, ICD-11, na wakasema waziwazi kwamba sio ugonjwa, ni hali inayotokana na stresi ya muda mrefu ya kazini ambayo haikushughulikiwa. Ya kazini. Unaishiwa nguvu, unaanza kuichukia kazi au kuwa mbali nayo, unaona hufanyi lolote la maana. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza nayo iko kazini, kwenye zamu, kwenye nafasi zilizo wazi, kwenye nani anaruhusiwa kulala bila simu. Kama HR wanataka kusaidia bila pesa waambie walihamishe hilo darasa saa ambazo wa stoo wanaweza kuingia, liwe la hiari, kamera zizimwe, na nusu saa hiyo simu za wateja zipokelewe na mtu mwingine. Wasipoweza hayo bora walifute, watu wapumzike tu hiyo nusu saa.

Ugomvi wa stoo na nyumbani usiuundie kikao. Kila upande una shida ya kweli na hauoni ya mwenzake, wa stoo wanabeba hatari ya kuambukizwa na nauli, wa nyumbani kazi imeingia mpaka kitandani. Ukiwapa wa nyumbani saa ya kufunga kompyuta inayoheshimiwa, na wa stoo siku za ugonjwa zisizokatwa, kelele zitapungua zenyewe.

Na wewe. Umeuliza mwisho kabisa, kwa mstari mmoja. Wiki hii andika saa zako zote, na zile za usiku kwenye simu uziandike, usijionee aibu. WHO na ILO mwaka 2021 walitoa utafiti wakasema kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Ninavyokusoma wewe 55 umeshazipita zamani. Chagua saa ya usiku ambayo simu ya kazi inazimwa, iandike kwenye grupu, na useme dharura ya kweli ni nini, mtu kaumia, stoo imeungua, gari limepata ajali. Mzigo uliochelewa sio dharura. Siku mbili tatu za mwanzo watakupima, watapiga, usipokee. Tafuta na supavaiza mwingine mmoja wa idara nyingine, mkubaliane mnapeana zamu za usiku na mnaambiana ukweli, maana yale ya kwako huwezi kuwapelekea watu wako na meneja huwezi kumwambia yote. Na huo usingizi uliokukimbia, ukizidi wiki mbili tatu, nenda kwa daktari na wewe, sio kijana peke yake.

Kesho anza na zile karatasi mbili, ya makosa na ya bonasi, uende nazo kwa meneja siku moja kabla ya Ijumaa, sio Ijumaa yenyewe. Akikataa kabisa na kusema onyo lazima litoke, mwambie kwa heshima kwamba wewe umeandika mpango wa wiki nne, umeusaini, na kama yeye anaona onyo linafaa zaidi basi aliandike na kulisaini mwenyewe. Akikujibu kuhusu bonasi niandikie, hata kama ni jibu la hovyo.

Anti